Modbus haijibu? Anza na mwaka 1979

Umefunga mita ya umeme, umevuta waya hadi kwenye kompyuta, umefungua programu ya majaribio, ukabonyeza "soma". Kimya. Ukageuza waya, bado kimya. Ukabadilisha kasi, na sasa badala ya kimya unaletewa jibu la kosa namba 02, nawe hujui kama umesogea mbele au umerudi nyuma. Umesogea mbele, tena sana. Sababu utaiona huko chini.

Kazi yangu ndiyo hiyo: kuingia mahali penye vifaa vya watengenezaji watano wasiofahamiana na kuvifanya vyote visomeke kwenye laini moja. Lugha ya vifaa hivyo ni Modbus, itifaki (kanuni za mawasiliano) ya kuulizana namba. Mafundi wachanga ninaofanya nao kazi wengi huijifunza kama mkoba wa hirizi: ongeza moja hapa, punguza moja pale, pindua waya, kisha uombe. Zinafanya kazi, lakini mwenye mkoba hajui itoke ipi na lini. Mimi huwaanzishia kwenye historia. Modbus ilitungwa na kampuni moja kwa ajili ya mashine zake yenyewe, ikatolewa hadharani, ikanakiliwa na kila mtu, na ikakaa miaka 25 bila chombo chochote cha kusema nani amenakili sawa na nani amekosea. Karibu kila ukorofi utakaokutana nao umetoka ndani ya miaka hiyo 25.

Ilikotoka

Mwanzoni mwa 1968 mhandisi Dick Morley alikuwa kwenye kampuni ndogo ya ushauri, Bedford Associates, jimbo la Massachusetts nchini Marekani. Mitambo ya viwanda vya magari wakati huo iliendeshwa na makabati yaliyojaa rilei, yaani swichi zinazowashwa na kuzimwa kwa umeme. Modeli mpya ya gari ilimaanisha kufumua waya na kuzifunga upya kabati baada ya kabati. Morley aliandika wazo lake la kidhibiti kinachobadilishwa kwa programu siku ya mwaka mpya wa 1968, na kifaa kilichozaliwa kikaitwa 084 kwa kuwa kilikuwa mradi wa 84 wa kampuni ile. Kampuni iliyoundwa ili kukiuza ikaitwa Modicon, na kitengo cha General Motors kilichotengeneza giaboksi kikawa miongoni mwa wateja wa kwanza.

Mwaka 1977 Modicon ilinunuliwa na Gould, na mwaka 1979 ikachapisha Modbus. Lengo lilikuwa dogo kabisa: kompyuta au paneli iweze kumuuliza kidhibiti cha Modicon kilichomo kwenye kumbukumbu yake, au kuandika humo. Basi. Itifaki yote ni dirisha la kuchungulia kumbukumbu ya mashine za Modicon za wakati ule, zenye rejista (visanduku vya kuwekea namba) za biti 16 na safu za biti mojamoja zilizoitwa koili kwa sababu zilichukua nafasi ya koili za rilei. Ukishalikubali hilo, jedwali la rejista linaacha kuwa fumbo.

Modicon baadaye ikaenda kwa AEG ya Ujerumani, kisha Schneider Electric ya Ufaransa. Hao ndio waliokuja kuikabidhi itifaki kwa jumuiya huru mwaka 2004. Nitarudi kwao.

Nyaraka kabla ya bisibisi

Jumuiya hiyo, Modbus Organization, inatoa maandiko yake bure, na unahitaji matatu tu. La kwanza ni maelezo ya itifaki yenyewe, toleo V1.1b3 la mwaka 2012. La pili ni mwongozo wa laini ya mfululizo (serial), yaani waya zinazopeleka biti mojamoja kwa viwango vya umeme vya RS-485 na RS-232, toleo V1.02 la mwaka 2006. La tatu ni mwongozo wa Modbus juu ya TCP (mtandao wa kompyuta), wa mwaka 2006 pia. Yote matatu hayafiki unene wa kitabu cha maelekezo cha kigeuzi kimoja cha mota.

Kuna la nne, ambalo jumuiya haikuliandika: mwongozo wa zamani wa Modicon wenye namba PI-MBUS-300, wa mwaka 1996. Ulitangulia jumuiya kwa miaka minane, na watengenezaji wengi walijifunzia humo. Kitabu cha kifaa chako kikisema rejista ni 40001, mwandishi wake kakulia kwenye mwongozo huo. Kikisema anwani ni 0x0000, kasoma maandiko mapya. Kikisema yote mawili kwenye ukurasa mmoja, tafuta kiti ukae.

Waya

Modbus ya 1979 haikuzaliwa kwenye RS-485. Haikuweza, kwani kiwango cha RS-485 kilitoka mwaka 1983. Ilianza kwenye RS-232, mashine moja na mwenzake mmoja tu, na watengenezaji wakaihamishia RS-485 wenyewe, kila mmoja kwa akili yake. Mwongozo wa jumuiya ulipokuja kusema waya ziitwe D0 na D1, dunia ilikuwa imeshajaa terminali (sehemu za kufungia waya) zilizoandikwa A na B.

Hapo ndipo penye mkanganyiko mkongwe kuliko yote. Kwa mujibu wa kiwango cha RS-485, laini ikiwa imetulia, B ndiyo yenye volti ya juu kuliko A. Watengenezaji wengi wa chipu za kupokea na kutuma waliziandika kinyume, A ikawa chanya, na kila aliyenunua chipu hizo akachapa herufi zilezile kwenye boksi lake. Kwa hiyo kuunganisha A na A, B na B, ni kubahatisha. Usigombane na herufi. Washa kifaa kimoja, hakikisha hakuna kinachouliza, chukua mita na upime volti ya DC kati ya waya mbili. Iliyo juu ndiyo D1. Fanya hivyo kwa kila kifaa, kisha unganisha zenye alama moja ya volti. Vifaa vingine haviweki volti yoyote laini ikitulia, mita inasoma karibu na sifuri. Hapo jaribu upande mmoja, ukikosa geuza. Kugeuza waya za RS-485 hakuunguzi kitu.

Waya ya tatu, ile ya pamoja, ni lazima. Mwongozo wa 2006 unasema hivyo waziwazi, na mafundi wanaendelea kuiacha kwa sababu laini fupi ya mezani hufanya kazi bila hiyo. Ipeleke kwenye mtambo wenye mota kubwa, vifaa viwili vikiwa kwenye vyanzo tofauti vya umeme, uone.

Laini ipite kifaa hadi kifaa. Usiichanue kutoka katikati kama nyota. Vifaa visizidi 32 bila kirudishi cha ishara, na kwa kasi ya 9600 unaweza kufika takribani mita 1,000 kwa kebo nzuri. Rizista za mwisho, zile za kuzuia ishara isirudi nyuma ikifika mwisho wa waya, ni mbili tu, moja kila ncha. Zima umeme wote wa laini, pima ukinzani kati ya D0 na D1. Kama umetumia mbili za ohm 120 utasoma karibu na 60. Niliwahi kuitwa mahali ambapo muuza mita na muuza kidhibiti walikuwa wanarushiana barua kuhusu nani ana programu mbovu. Ohm zilikuwa 40. Ni 120 kugawa kwa 3: kifaa cha katikati kilikuwa na swichi ndogo iliyoacha rizista ya tatu ikiwa imewashwa tangu kiwandani. Barua zote zile, na hakuna aliyekuwa amepima.

Rizista za kuivuta laini ili itulie upande mmoja, kati ya ohm 450 na 650, ziwekwe sehemu moja pekee ya laini. Vigeuzi vingi vya USB huja nazo tayari.

Kasi, pariti na biti za mwisho

Mwongozo wa 2006 unasema kifaa kitoke kiwandani na kasi ya 19200 na pariti (biti ya kukagua makosa) shufwa, kwa kifupi 8E1: biti 8, pariti shufwa, biti moja ya mwisho. Vifaa vingi sana vinatoka na 9600 bila pariti, biti moja ya mwisho, yaani 8N1. Mwongozo unasema ukiondoa pariti uweke biti mbili za mwisho, ili kila herufi ibaki na biti 11. Hakuna anayesikiliza. 8N1 ilishakuwa desturi kabla mwenye kuikataza hajazaliwa.

Basi jaribu kwa mpangilio huu: 9600 8N1, halafu 19200 8E1, halafu 9600 8E1. Weka kifaa kimoja tu kwenye laini wakati wa kujaribu, na mpe kila mmoja anwani yake, 1 hadi 247, kabla hujamrudisha kwenye kundi. Anwani 0 ni ya kutangazia wote na haijibiwi, na 248 hadi 255 zimehifadhiwa. Vifaa viwili vyenye anwani moja hujibu kwa pamoja, na unachopata ni kosa la CRC (namba ya ukaguzi iliyo mwishoni mwa ujumbe) linalokuja na kuondoka, ugonjwa unaochosha kuliko kimya.

Neno moja kuhusu muda. Katika RTU, ile namna ya Modbus ya baiti halisi isiyo ya maandishi, fremu (ujumbe mmoja mzima) inatambulika imekwisha kwa ukimya wa urefu wa herufi tatu na nusu. Kwa 9600 hiyo ni kama milisekunde 4. Kompyuta yenye shughuli nyingi inaweza kuikata fremu katikati kwa ukimya kama huo na kifaa kikaitupa. Ukiona kifaa kinajibu vizuri kwa kidhibiti lakini kinakataa kwa kompyuta yako, shuku kigeuzi cha USB kwanza.

Rejista ambayo haipo ilipoandikwa

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo siku za watu zinapopotelea.

Vidhibiti vya Modicon viligawa kumbukumbu kwa namba ya mbele. Koili za kutoa zilianza na 0, viingizio vya biti moja na 1, rejista za viingizio na 3, na rejista za kuhifadhi, zinazosomeka na kuandikika, na 4. Rejista ya kwanza ya kuhifadhi iliitwa 40001, kwa sababu mafundi huhesabu kuanzia moja. Lakini ndani ya fremu anwani huhesabiwa kuanzia sifuri, na ile 4 haisafiri kabisa kwenye waya. Kazi yake inafanywa na namba ya amri: 03 inasoma rejista za kuhifadhi, 04 inasoma za viingizio, 01 na 02 zinasoma biti. Kuandika ni 05 na 06 kwa kimoja kimoja, 15 na 16 kwa vingi.

Chukua mfano. Unataka rejista tatu kuanzia 40108 kutoka kifaa namba 17. Ondoa 4 ya mbele, toa moja, unabaki na 107, ambayo kwa heksadesimali (hesabu ya msingi wa 16) ni 6B. Fremu nzima inakuwa:

11 03 00 6B 00 03 76 87

11 ni kifaa 17 kwa heksadesimali. 03 ni amri. 00 6B ni anwani ya kuanzia. 00 03 ni idadi ya rejista. 76 87 ni CRC, na hiyo ndiyo pekee inayotanguliza baiti ndogo. Jifunze kuisoma fremu hii kwa macho. Programu yoyote ya majaribio inayostahili kutumiwa inaweza kukuonyesha baiti ghafi, na ukiziona huhitaji tena kubahatisha kama programu imekutolea moja au haijatoa. Programu nyingine zinataka uandike 40108, nyingine 108, nyingine 107, na zote tatu zinaweza kutoa fremu ileile. Nyingine hazitoi.

Kisha kuna waandishi wa vitabu vya vifaa. Wapo wanaoandika 40108 wakimaanisha anwani 107, kama Modicon. Wapo wanaoandika 40108 wakimaanisha anwani 108, kwa kuwa waliongeza 40000 kwenye namba zao ili zifanane na za wengine. Wapo wanaoandika 400108 kwa tarakimu sita, kwa sababu tarakimu tano zinaishia 49999 ilhali fremu inaruhusu anwani 65,536. Jumuiya iliandika vizuri tu kuhusu hili, lakini iliandika watu wakiwa wameshachapa vitabu.

Dawa ni kutafuta rejista ambayo thamani yake unaijua kabla ya kuisoma: namba ya modeli, anwani ya kifaa chenyewe, au kasi uliyoiweka kwa vitufe. Isome hiyo kwanza, pamoja na jirani yake wa juu na wa chini. Thamani ikitokea kwa jirani, umeshajua ni moja ya kuongeza au ya kutoa, na kanuni hiyo itakaa kwa kifaa chote. Usianze kamwe na volti au joto, vitu vinavyocheza. Namba inayoonekana ya kweli kidogo ndiyo hatari kuliko zote.

Namba inayohitaji rejista mbili

Itifaki inajua kitu kimoja: rejista ya biti 16, baiti kubwa mbele. Mwaka 1979 hiyo ilitosha. Leo mita inataka kukupa nishati ya biti 32 au joto lenye desimali, na inaigawa kwenye rejista mbili. Ipi ianze? Itifaki iko kimya. Kila mtengenezaji akaamua, na waliotangulia kuamua hawakuamua sawa.

Tuseme kifaa kinapima nyuzi 50 na kinatuma kama desimali ya biti 32. Kwa heksadesimali hiyo ni 42480000. Ukisoma rejista mbili kama namba za kawaida utaona 16968 na 0. Kama kifaa kinatanguliza nusu kubwa, zitakuja kwa mpangilio huo, na kama kinatanguliza ndogo utaona 0 kisha 16968. Programu yako ikiunganisha kinyume, utapata namba ndogo mno ambayo skrini itakuandikia 0.00, nawe utasema kihisi kimekufa. Kihisi ni kizima. Tafuta chaguo la kubadilisha mpangilio wa rejista na uligeuze. Vichache, hasa vya zamani, hugeuza na baiti ndani ya rejista, kwa hiyo mipangilio ya kujaribu ni minne. Zaidi ya minne hakuna, na hiyo ni faraja.

Mimi huwa nasoma rejista ghafi kwanza na kuziandika kwa heksadesimali, ndipo niamue aina. Ukiona 65535 mahali pa joto, inaweza kuwa hasi moja kwa namba yenye alama. Ukiona 2305 mahali pa volti, huenda ni 230.5 iliyozidishwa kwa kumi. Kitabu cha kifaa kitakuambia, kama mwandishi wake alikuwa na siku nzuri.

Kosa ni jibu

Sasa ile 02. Kifaa kikikataa ombi, hurudisha namba ya amri ikiwa imeongezwa 80 ya heksadesimali. Uliuliza kwa 03, jibu linaanza na 83, na baiti inayofuata ni sababu. 01 ni amri nisiyoijua. 02 ni anwani nisiyokuwa nayo. 03 ni thamani isiyokubalika, na mara nyingi humaanisha umeomba rejista nyingi kuliko 125, ambayo ndiyo kikomo kwa ombi moja. 04 ni kifaa chenyewe kimeshindwa.

Ukipata yoyote kati ya hizo, waya ziko sawa, kasi iko sawa, pariti iko sawa, anwani ya kifaa iko sawa, CRC iko sawa. Acha bisibisi, rudi kwenye jedwali la rejista. Nimewaona watu wakifungua terminali upya kwa sababu ya kosa 02.

Kwenye mtandao wa TCP

Mwaka 1999 Schneider Electric ilitoa maelezo ya Modbus juu ya TCP, kwenye bandari (port) 502, yaani namba ya mlango wa mtandao. Waliichukua fremu ileile, wakaondoa CRC kwa kuwa mtandao una ukaguzi wake, wakaweka mbele baiti 7: namba ya ombi, namba ya itifaki ambayo ni sifuri daima, urefu, na namba ya kifaa. Kwa hiyo yote niliyosema kuhusu 40001 na rejista mbili yanakufuata huku bila kubadilika.

Ile namba ya kifaa ndiyo inayowatatiza watu. Ukiongea moja kwa moja na kifaa chenye anwani ya IP, weka 255, na ikikataliwa jaribu 1 au 0. Ukipitia kisanduku kinachounganisha mtandao na laini ya RS-485, lazima uweke anwani ya kifaa kilichoko nyuma yake. Kosa la 0B, yaani 11, likirudi, kisanduku kinasema: nimekusikia, nimemuuliza, yeye hajanijibu. Tatizo liko upande wa laini.

Jumuiya ilipofika

Mwaka 2004 Schneider Electric ilihamishia haki za itifaki kwa Modbus Organization. Kwa miaka kadhaa jina lilikuwa Modbus-IDA, baada ya kuungana na kundi jingine la otomesheni, na utaliona kwenye maandiko ya 2004 na 2006. Ni hati zilezile, usihangaike.

Linganisha na majirani, itifaki nyingine za vifaa. PROFIBUS ilianza mwaka 1987 Ujerumani kama mradi wa pamoja wa kampuni na taasisi, na chama chake kikaanzishwa 1989. CAN ilitambulishwa na Bosch mwaka 1986 na chama cha watumiaji wake, CiA, kikaja 1992. Wao walipata mlezi mapema. Kifaa cha PROFIBUS huja na faili la maelezo linalosomwa na programu ya kidhibiti. Modbus haina faili la namna hiyo la lazima, ina jedwali la PDF na macho yako. Jumuiya ina utaratibu wa kupima vifaa kama vinafuata maandiko, lakini hakuna kinachomzuia mtu kuuza kifaa kisichowahi kupimwa na kukiandika Modbus.

Wakati huohuo wakubwa wengine walikuwa wanapigania nani awe kiwango cha dunia. Vita hiyo iliisha kwa IEC 61158, kiwango cha kimataifa cha mitandao ya viwandani, iliyopitishwa mwishoni mwa 1999 ikiwa na aina nane tofauti ndani ya kiwango kimoja, suluhu ya watu waliochoka. Modbus haikuwa mezani. Iliendelea kuingizwa kwenye mita na pampu kwa sababu mhandisi mmoja aliweza kuiandika kwa siku chache bila kulipa ada. Urahisi huohuo ndio uliotupatia 8N1.

Kwa hiyo jukumu ambalo jumuiya haiwezi kulibeba unalibeba wewe siku ya kununua. Kabla fedha haijatoka, mtake muuzaji akupe jedwali kamili la rejista, aseme anwani zinaanza sifuri au moja, aseme mpangilio wa rejista mbili, na akupe mfano wa fremu moja ya kuuliza na jibu lake kwa heksadesimali. Mfano huo wa fremu pekee hufuta nusu ya maswali. Muuzaji asiyeweza kuutoa hajawahi kukijaribu kifaa chake.

Jambo jingine la jumuiya litakalokugusa: Julai 2020 ilitangaza kuacha kusema bwana na mtumwa na kutumia mteja na seva. Anayeuliza ndiye mteja, anayejibu ndiye seva. Maana yake mita yako ndogo ndiyo seva na kompyuta kubwa ndiyo mteja, jambo linalowageuza kichwa watu wa ofisi ya kompyuta. Vitabu vya zamani bado vina majina ya zamani.

Mlango usio na kufuli

Modbus ya bandari 502 haina nywila, haina usimbaji, haina namna ya kujua anayeandika ni nani. Mwaka 1979 aliyeweza kufika kwenye waya alikuwa ameshaingia kiwandani. Mwaka 2018 jumuiya ilitoa toleo salama linalotumia TLS (usimbaji wa mawasiliano ya mtandao) na vyeti vya kumtambua anayeunganika, kwenye bandari 802. Vifaa vinavyolijua bado ni vichache, na vilivyokwisha fungwa havitalijua.

Januari 2024, mjini Lviv nchini Ukraine, zaidi ya majengo 600 ya makazi yalikosa joto kwa karibu siku mbili wakati wa baridi. Programu hasidi iliyohusishwa na tukio hilo, iliyopewa jina FrostyGoop na watafiti wa Dragos, kampuni ya usalama wa mitandao ya viwandani, ilituma amri za kawaida za Modbus kwa vidhibiti kupitia bandari 502. Haikuvunja itifaki. Iliitumia kama ilivyoandikwa.

Kwa hiyo kabla hujakabidhi kazi: weka vifaa vya Modbus kwenye mtandao wao peke yao, na bandari 502 isionekane kutoka intaneti kwa hali yoyote. Kama mfumo unasoma tu, ziba amri za kuandika, 05, 06, 15 na 16, kwenye kisanduku cha kuunganisha au kwenye kizuizi cha mtandao, vingi vina chaguo hilo. Kama kifaa chenyewe kina swichi ya kuzuia kuandika, iwashe, kisha jaribu kuandika rejista moja isiyo na madhara uone kama kinakukatalia kweli.

Halafu andika karatasi moja na uibandike ndani ya mlango wa kabati: kasi na pariti, anwani ya kila kifaa, waya ya rangi gani ni D1, rizista za mwisho ziko wapi, anwani zinahesabiwa kuanzia sifuri au moja, mpangilio wa rejista mbili, na fremu moja inayojulikana kufanya kazi pamoja na jibu lake.